Jina la Vunjapanga

Bakari ndo jina alilopewa na mama yake. Hilo la Vunjapanga alijichumia mwenyewe kwenye harusi ya watu, Mbweni, kwa dakika moja tu, akalivaa miaka minane kama mtu aliyeazima kanzu ya mwenzie akaona bora asiirudishe, maana imemkaa.

Kabla ya hapo alikuwaga fundi nondo. Zile ghorofa za njia ya Bagamoyo mnazozitolea macho, nyingi chuma cha ndani kakikunja yeye. Kutwa juani na koleo na waya, jioni anarudi Boko shati lina kutu mgongoni, mkewe Hamisa analiloweka kwenye ndoo yake peke yake lisije likachafua nguo za wenzie. Fundi mzuri, hilo hakuna wa kumnyima. Ila nondo ukishaimwagia zege haionekani tena, na Bakari ni mtu anayependa kuonekana.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni fimbo. Marehemu mjomba wake alikuwa mtu wa Pemba, akamfundisha kirumbizi hajaota hata ndevu. Kirumbizi ni ile ngoma ya fimbo: zumari inalia, wanaume wawili wanaingia uwanjani, huyu anapiga, yule anakinga, kinachotafutwa ni kichwa. Ukiguswa unatoka, anaingia mwingine. Watu wanacheka, wanawake wanapiga vigelegele, mnakwenda kula. Ni mchezo, na mjomba hakumficha kwamba ni mchezo.

"Ukikutana na mtu ana upanga wa kweli," alimwambia, "hicho kijifimbo kitupe. Tafuta mti mrefu kukuzidi wewe mwenyewe, ushike kwa mikono miwili. Usimkinge. Msukume tu asikusogelee. Mwenye upanga shida yake ni kuja karibu, basi wewe usimpe karibu. Akinyoosha mkono kukata, huo huo mkono ndo unaupiga. Na usiingie naye uchochoroni. Mti mrefu uchochoroni unagonga kuta, hapo atakuchinja kama kuku."

Yashikeni hayo maneno. Bakari naye aliyashika, asije mtu akamtetea kwamba mzee alisahau. Hakusahau hata moja.

Ilikuwa hivi. Mpwa wake Rukaiya aliposwa na watu wa Tanga. Siku ya posa akaja mjomba wa bwana harusi, mtu mnene anaitwa Khalfani, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Kabla hajakaa akaiona fimbo ya Bakari imeegeshwa ukutani.

"Hii ya nini, shemeji? Unafuga mbuzi?"

"Ya kirumbizi hiyo."

"Aa, kirumbizi. Kwetu tunawaachia watoto wakitoka madrasa. Sie watu wazima tunacheza razha."

Razha ni ngoma ya panga, zile panga ndefu za kizamani, watu wanacheza wamezinyanyua. Ukoo wa Khalfani ulikuwa na upanga wa babu yao, wanautoa harusini na siku ya Idi, basi. Watu wakacheka. Hata Hamisa alicheka, akafunika mdomo kwa upindo wa mtandio, Bakari akamwona.

"Siku ya harusi njoo na upanga wako," Bakari akasema. "Mie ntakuja na mwanzi. Tutaonana."

"Mwanzi?"

"Mwanzi."

Neno likishatoka mdomoni kwa mtu kama yule, halirudi. Kesho yake akashuka bondeni, kule nyuma ya Boko kwenye mianzi, akakata mmoja mnene mzuri, wa urefu wa bakora. Akaufunga kwenye nguzo, akaupiga panga la kufyekea. Ukakatika kama muwa. Akakata wa pili, akaukausha juu ya moto, akaupiga. Ukakatika kama muwa mkavu.

Mtu mwenye haya hapo angemfuata Khalfani akamwambia, shemeji, mdomo ulinizidi, tucheze kirumbizi tule pilau. Bakari yeye akakumbuka kwamba ni fundi nondo. Akachukua nondo nyembamba, akaiweka kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, akaisukuma ndani ya mwanzi. Unajua mwanzi ndani una vifundo. Nondo ya moto ikavitoboa kimoja kimoja mpaka mwisho, moshi unatoka kule mbele kama bomba. Ikapoa, akaingiza nyingine ya kukaa humo humo, akaziba huku na huku kwa gundi na unga wa mbao, juu akavisha ngozi.

"Unachoma nini?" Hamisa akauliza kutoka jikoni.

"Nanyoosha fimbo."

Fimbo kweli hunyooshwa kwa moto. Hamisa hakuuliza tena.

Siku ya harusi uwanja ukajaa. Khalfani kavaa joho, upanga wa babu mkononi, unang'aa kwa mafuta aliyoupaka. Bakari kaja na mwanzi wake, watu wanamcheka kabla hajafika katikati. Zumari ikaanza. Khalfani hakuwa mtu mbaya, alikuwa anapiga kwa upole, anagusa tu, anataka watu wafurahi. Mara moja, mara mbili. Ya tatu Bakari hakungoja. Alizungusha mkono kutoka begani kama anagonga vigingi vya msingi wa nyumba, akaupiga ule upanga pale unapotokea kwenye mpini, ambapo kutu ya miaka ilishakula kwa ndani. Chuma kikalia. Upanga ukakatika, ukaruka, ukadondoka kwenye mkeka wa wanawake karibu na sinia.

Uwanja ukapasuka. Mwanzi umevunja upanga. Watu wakamnyanyua Bakari juu juu, simu zimenyanyuliwa, na jioni ile ile video ilikuwa imeshafika Wazo, imefika Bunju, imefika mpaka kwa watu wasiomjua. Vunjapanga, Vunjapanga.

Katikati ya kelele zile Khalfani alibaki amesimama na mpini mkononi. Akasema taratibu, hakumwambia mtu, "Huu ulikuwa wa babu." Bakari alikuwa juu ya mabega ya watu, sikio lake liko pale pale. Alisikia. Akageuza shingo akaangalia upande wenye vigelegele.

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Baba, hebu niishike hiyo fimbo."

"Usiiguse," Bakari akasema. "Imesomewa hii."

Yani uongo wa kwanza ulikuwa wa chuma, wa pili akamsingizia Mungu. Tangu siku hiyo fimbo ile haikushikwa na mtu. Inakaa pembeni ya kitanda, anatoka nayo msikitini, anatoka nayo kilabu cha bao, na kila mgeni akija Boko anaonyeshwa kwa mbali.

Ingeishia hapo ingekuwa sifa ya kijinga tu, na wanaume wenye sifa za kijinga tunao wengi. Haikuishia hapo.

Mwaka juzi wakaanza wale vijana wa mapanga. Wanakuja kundi, wanaingia nyumba, wanapora, wanakata watu. Mtaa ukaanzisha ulinzi shirikishi, watu kumi na wawili, na mjumbe wao Jonas akaja mpaka barazani kwa Bakari.

"Shikamoo mzee. Sie tunataka utufundishe. Vijana wakisikia huku yupo Vunjapanga, si watapita mbali?"

Hapo Mungu alimpa mlango. Angesema, mie mzee sasa, magoti. Angesema, tafuteni miti mirefu. Akakubali, tena akatabasamu.

Ijumaa baada ya alasiri wakakutana uwanja wa mpira. Watu kumi na wawili wamepanga mstari, na kila mmoja mkononi ana mwanzi. Mianzi mitupu, myepesi, wameikata dhiraa mbili kamili kama ya kwake. Wengine wameshavisha na ngozi.

Mbele kabisa alikuwepo Gaudens. Huyu ni Mhaya, mtu wa miaka arobaini na kitu, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, mpole, shati limechomekwa hata akija kupigana. Jumapili ndo anapiga kinanda kanisani kwao. Ukipita barabarani hapo utasikia, watu wanaimba lakini anayewabeba ni yeye.

"Shikamoo mwalimu," Gaudens akasema. "Tumeikata kwenye bonde lile lile. Niliuliza mahali penyewe."

Bakari akaiangalia ile mianzi. Mdomo ukafunguka. Wakamngoja, watu kumi na wawili, na huyo wa mbele anamwangalia kama anavyoangaliwa padri. Mdomo ukajifunga.

"Vizuri," akasema. "Mmeikata vizuri."

Sasa kwa nini hata maneno ya mjomba hakuyasema? Mwanzi wao basi, lakini mti mrefu, mikono miwili, msukume asikusogelee? Hayo hayahitaji nondo. Ni kwa sababu mtu anayesimama mbali anasukumasukuma mti si Vunjapanga. Ni mtu anaangua mapapai. Bakari aliliona hilo, akalikataa. Akawafundisha kirumbizi cha harusi. Akawafundisha kinga ya kilemba: mguu wa kushoto mbele, fimbo juu ya kichwa, mkono wa kulia kwenye shina na wa kushoto karibu na ncha, panga linashuka unalipokea. Kwenye ngoma ni nzuri kuliangalia. Kilemba cha Gaudens ndo kilikuwa kizuri kuliko vyote. Alikuwa anafanya mazoezi hata nyumbani, mkewe Apolonia anamwambia baba Gladness, utavunja taa.

Ijumaa zikapita nyingi, na kila Ijumaa Bakari alikuwa anasema kimoyomoyo, wiki ijayo.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, kijana akaingia kwenye nyumba inayojengwa, ukuta kwa ukuta na kwa Gaudens, anavuta nyaya za umeme. Ana panga. Mtu akapiga ukunga wa mwizi. Gaudens alikuwa sebuleni anapitia nyimbo za kesho. Akainuka, akatoa mwanzi nyuma ya mlango, akatoka.

Mtu mpole yule, karani, angebaki ndani kama wenzie waliochungulia madirishani. Alitoka kwa sababu alifundishwa kwamba mwanzi unavunja panga.

Kijana akanyanyua. Gaudens akafanya kila kitu. Mguu mbele, fimbo juu, macho kwa adui, kilemba safi. Panga likashuka, likapita kwenye mwanzi kama halikukuta kitu, likamalizia kwenye mkono wa kushoto. Kidole cha pete na cha mwisho.

Apolonia alikuwa uani anaangua mapapai. Ana ule mti mrefu wa kuangulia, pima mbili unazidi, mwishoni umefungwa kopo la maziwa. Akaja nao vile vile, hakuuweka chini wala hakufikiri, akamchoma kijana kifuani na kopo. Kijana akarudi hatua. Akataka kuja, kopo likamkuta shingoni. Akalipiga kopo panga, kopo likaruka, mti bado upo. Akaenda kulia, mti ukaenda kulia. Akaenda kushoto, umeshafika. Anakata, anakata hewa, mwanamke mwenyewe yuko kule mwisho wa mti hamfikii. Mwishowe akanyoosha mkono mrefu mno, mti ukamshukia kwenye kifundo, panga likadondoka kwenye kokoto. Watu sasa wakawa mashujaa, wakaruka ukuta, wakamkamata.

Bakari alifika anahema, fimbo yake mkononi. Gaudens ameshapakiwa bodaboda, mkono umefungwa kitenge, anapelekwa hospitali. Wanawake wamemzunguka Apolonia, mikono ina utomvu wa papai.

"Mie sijui kitu," alikuwa anawaambia. "Nilikuwa namsukuma tu asinisogelee."

Bakari akakaa kwenye tofali. Maneno yale yale. Mjomba wake kafa miaka ishirini na tisa, na maneno yake yamerudi kwenye mdomo wa mwanamke aliyekuwa anaangua mapapai. Na mtu mmoja, wala hakuwa na nia mbaya, akamgeukia akasema, "Ee, Vunjapanga huyo kafika. Ungewahi kidogo tu, mzee."

Siku ya nne akaenda kumpa pole Gaudens. Fimbo akaiegesha mlangoni kama kawaida, akavua viatu, akaingia. Gaudens amekaa kwenye kochi, bandeji kubwa nyeupe juu ya mto.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Pole sana."

"Hapana, mie ndo niseme." Akainama. "Unisamehe. Nimekuaibisha. Nadhani nilichelewa kunyanyua, au sikukaza kiganja. Umetufundisha miezi yote ile, siku yenyewe kilemba kimenishinda. Najua watu watasema mwalimu hafai. Nimemwambia kila aliyekuja, kosa ni langu."

Na Bakari, mtu mzima, mvi mpaka kifuani, mbele ya bandeji ile, alisema nini? Alisema, "Itapona tu."

Itapona. Vidole viwili vimetupwa huko huko hospitali, yeye anasema itapona. Akanywa na chai ya watu. Akaondoka.

Nyumbani Hamisa alikuwa anachambua mchele.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

Hamisa hakunyanyua macho kwenye ungo. "Mie nimefua mashati yako ya kutu miaka thelathini na moja. Unadhani siijui harufu ya nondo ikiungua?"

Bakari akashika nguzo ya baraza. "Ulijua siku zote hizo?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, mwanaume nisikuvue nguo barabarani. Na jina lenyewe, nisiseme uongo, lilinipendeza. Mke wa Vunjapanga, sokoni nilikuwa napishwa." Akatupa kijiwe uani. "Sasa na mie nina vidole vya mtu shingoni. Kwa hiyo usiniulizeulize."

Wiki ya pili akaenda tena, akakaa, akaongea habari za mvua. Wiki ya tatu akaenda. Safari hii Gaudens alikuwa amefunguliwa bandeji. Mkono umekaa pale juu ya goti, umekuwa kama wa mtu mwingine.

"Mwalimu, nina ombi," akasema. "Najua fimbo yako imesomewa na mie si Mwislamu. Lakini nataka uninyanyulie kilemba, polepole, nione. Kila nikilala nakiona kile kitendo, sioni nilipokosea. Nikipaona nitatulia."

Bakari akajishika kiwiko. "Leo mkono wangu unauma," akasema.

Apolonia alikuwa anadeki. Alishamchoka huyu mzee wa kuja kunywa chai na kuongelea mvua. Akafika mlangoni na tambara, akaikuta fimbo imemzibia, akaishika aisogeze.

"Usiiguse," Bakari akasema.

Alichelewa. Apolonia alishainyanyua, na aliinyanyua kwa nguvu za kunyanyulia mwanzi tu, kumbe ni nzito, ikamponyoka. Ikadondoka kwenye sakafu ya saruji. Ikalia.

Haikusema ko, kama mwanzi. Ililia, sauti ndefu, nyembamba, ikakaa hewani.

Mwingine angesema fimbo imedondoka. Gaudens ni mtu wa kinanda. Alikiinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mwimbaji aliyekosea.

"Mama Gladness," akasema. "Idondoshe tena."

"Nini?"

"Inyanyue, uidondoshe tena."

Apolonia akainyanyua, safari hii akaipima mkononi, akamwangalia Bakari. Akaiachia. Ikalia vile vile.

"Mwanzi haulii hivyo," Gaudens akasema. "Dukani kwetu nasikia sauti hiyo kutwa. Wanaposhusha nondo."

Kuku wanaparura nje. Bakari alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu, vyote kumi vipo.

"Ina nondo," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu harusi."

"Na zetu?"

"Zenu ni mianzi."

"Ulijua ni mianzi mitupu?"

"Nilijua. Siku ya kwanza nilijua. Mjomba wangu alinifundisha kwamba panga ni la mti mrefu, vile alivyofanya mama hapa. Sikusema. Niliona aibu kuonekana sina kitu."

Apolonia alikuwa bado ana tambara, maji yanamdondoka miguuni. "Ukaja hapa mara tatu," akasema. "Ukala vitumbua vyangu. Mume wangu anakuomba msamaha, wewe unaitikia."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama."

Gaudens hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. Alikuwa anausugua ule mkono taratibu. "Jumapili niliungama," akasema. "Nilimwambia padri nimekuwa mzembe, nimepewa kipaji nikakipoteza kwa kuchelewa kunyanyua mkono. Nikapewa na sala za kitubio, nimezisali zote." Akaugeuza mkono kiganja juu. "Kumbe nilinyanyua vizuri."

"Ulinyanyua vizuri sana."

"Basi usikae hapa. Mie sina la kufanya na wewe. Ijumaa nenda kawaambie wale ambao bado wana vidole."

Bakari akavaa viatu, kushoto akavaa kulia, akavua, akavaa tena. Fimbo akaiokota mwenyewe. Hakuna aliyemsindikiza.

Ijumaa akaenda. Katikati ya njia alitaka kurudi mara mbili, na nyuma yake Hamisa alikuwa anakuja na kanga zake mbili, hatua ishirini nyuma, kama mtu anayeswaga ng'ombe. Uwanjani walikuwepo kumi na mmoja. Na Apolonia alikuwepo, amesimama chini ya goli, mikono kifuani. Gaudens kamtuma aje ahakikishe yamesemwa yote.

Bakari akayasema. Hakuyasema vizuri, aliyaanzia kwa mjomba, akaruka harusini, akarudi bondeni, Jonas ikabidi amwulize, "Mzee, kwa hiyo unasema hiyo ina chuma?" Akampa fimbo aipime mwenyewe. Mmoja wao, Mfaume, fundi bomba, akaipokea, akaigonga kwenye nguzo ya goli. Ikalia. Mfaume akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa analala na mwanzi mtupu kitandani mwake na watoto watatu chumba cha pili, kisha hakucheka tena. Akachukua mwanzi wake mwenyewe, akauvunjia gotini. Wakafuata wengine. Ka, ka, ka, mianzi kumi na moja.

"Miezi yote hiyo," Mfaume akasema, "ulikuwa unatufundisha kukatwa."

Bakari akainama, akaokota vipande vya mianzi miguuni pake.

"Sasa tunafanyaje?" Jonas akauliza.

"Mti mrefu. Ukuzidi urefu. Mikono miwili, mahali pa wazi, msukume tu..."

"Kama wa mama hapo?"

"Kama ule."

"Basi mama ndo aje atuonyeshe. Wewe mzee umeshatuonyesha vya kutosha."

Mti ukaletwa, ule ule, hauna kopo. Apolonia akasema yeye hajui kufundisha. Wakamwambia afanye tu kama siku ile. Akasema sawa, ila siku ile alikuwepo mwenye panga, leo nani? Vichwa vyote vikageuka upande mmoja. Mtu akaokota kipande cha ubao, akampa Bakari.

"Njoo," Apolonia akasema.

Bakari akaja na kiubao chake. Mti ukamkuta kifuani, akarudi. Akaja tena, ukamkuta begani. Akazunguka, umeshamngoja. Hakufika hata mara moja, na Apolonia hakuwa anagusa kwa upole kama Khalfani. "Mnaona?" alikuwa anawaambia wanaume. "Msimfuate. Mwacheni aje mwenyewe." Jioni Hamisa alimpaka Bakari mafuta ya karafuu kwenye madoa mekundu saba, hakusema pole.

Mpaka leo kila Ijumaa ndo kazi yake hiyo, anakuwa mwizi. Gaudens amerudi kwenye kinanda, anapiga na vidole vinane. Ukiwa hujui hutasikia kitu. Bakari anajua, kwa hiyo akipita pale Jumapili anasikia pale mkono wa kushoto unaporuka, anaongeza mwendo. Wakikutana njiani Gaudens anamwamkia, malezi yake hayo. Shikamoo mzee. Mwalimu hasemi tena.

Na nafasi ya lile jina watu hawakuiacha wazi. Sasa anaitwa Nondo. Mzee Nondo, shikamoo, na vitoto vya juzi vinaita hivyo havijui kwa nini. Siku za kwanza alikuwa hageuki. Hamisa akamwambia, itika, hili angalau ni la kweli. Sasa anaitika.

Boko wamejua, Mbweni wamejua. Tanga bado. Khalfani yupo, mzima, mpini wa upanga wa babu yake ameuweka kabatini, na mpaka leo anaamini ulishindwa na mwanzi. Hamisa kamfulia kanzu ya safari, kamkunjia, iko juu ya sanduku miezi mitano sasa. Bakari anasema goti linamsumbua, akipata nafuu ataenda.

Ijumaa uwanjani hilo goti halimsumbui.